Nilimfukua Buibui Aliyekuwa Mzima

Kwa mama yangu, pale Walukuba, mjini Jinja, Uganda, kufuga kuna saa yake. Jua likianza kushuka upande wa mto, husimama mlangoni na bakuli la pumba, huita kuku, huhesabu. Kumi na mmoja. Siku wakipatikana kumi hatuli mpaka wa kumi na mmoja aonekane, au yaonekane manyoya yake. Nimekua nikijua hivyo: ukifuga unamwona mfugo wako, unamhesabu, unampapasa kifuani ujue kama ameshiba. Niliingia na mazoea hayo kwenye chumba cha buibui, na mazoea hayohayo ndiyo yaliyomng'oa mguu yule ninayemthamini kuliko wote.

Mimi ni seremala. Mwaka 2013 niliitwa kutengeneza rafu kwenye nyumba moja ya mjini Jinja, katika zile za Wahindi zenye veranda pana na mwaka wa kujengwa umechorwa kwa saruji juu ya mlango. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyezaliwa humohumo. Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, yeye alikuwa mwanafunzi. Familia ikaenda kutua Leicester, Uingereza. Miaka ya tisini, Waasia waliporuhusiwa kudai mali zao, akarudi kwenye nyumba ya baba yake. Kiswahili alichokuwa nacho ni kile cha dukani kwao, alikuwa amekitunza kama mtu atunzavyo shati la harusi.

"Rafu ni ya vitabu, Mzee?"

"Ya buibui."

Neno hilo kwetu ni la mdudu na ni la vazi, nami nikafikiri ana nguo za kutundika. Akanifungulia chumba cha nyuma. Masanduku kumi na manne, mengine ya kioo, mengine ya plastiki, yamepangwa chini sakafuni, kila moja lina karatasi yenye jina la kisayansi na tarehe. Nikainama kutazama la kwanza. Udongo. La pili udongo. La tatu lilikuwa na ganda la mti limesimamishwa wima, na nyuma ya ganda hilo nikaona ncha za miguu minne, nene kama kidole changu kidogo, zimetulia.

Wengi walikuwa tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, wa Asia. Wa mitini walitoka ukoo wa India, Poecilotheria regalis, wenye michoro ya kijivu na nyeupe inayofanana na gamba la mti, na chini ya miguu ya mbele wana njano kali ambayo huioni mpaka wakasirike na kuinua miguu. Wa mashimoni walikuwa wa ukoo wa Thailand na Myanmar. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa porini. Walizaliwa ndani ya masanduku ya watu huko Uingereza, akawaleta Mzee wakiwa wadogo, na makaratasi yao alikuwa nayo kwenye faili. Jambo hilo la kuzaliwa sandukuni alilisema siku ya kwanza kabla hata ya kunitajia bei ya rafu.

Aliniomba nimsaidie kuwahamisha juu rafu ilipokwisha. Baadaye akaniomba nije Jumamosi. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nakuja mara tatu kwa wiki, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo kazi ya mikono ikawa yangu.

Kati ya wote, niliyemtaka kumwona kila siku ni yule niliyekuwa simwoni. Jina lake kwenye karatasi ni Cyriopagopus lividus. Kwenye kivuli ni mweusi tu. Ukimmulika tochi kwa pembe fulani miguu inawaka buluu, buluu ya moto wa gesi. Mzee alinieleza kwamba hakuna rangi ya buluu mwilini mwake. Nywele zake zina tabaka ndogo mno zinazorudisha mwanga wa buluu na kuuacha mwingine upotee, ndiyo maana kwenye kivuli huioni. Nilimwona hivyo usiku mmoja kwa sekunde chache, kisha akaingia shimoni. Nilikaa na picha hiyo kichwani wiki nzima, nikiwa napiga randa.

Vitabu vya Mzee vilikuwa vya Ulaya na vilijaa mambo ya taa za joto na mikeka ya umeme. Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa. Mchana kuna joto la kutosha, usiku kunapoa kidogo, na hewa ina unyevu. Buibui wa misitu ya Thailand hahitaji kingine. Umeme ukikatika siku mbili, wao hawakosi kitu. Kama ningekuwa Kabale, kwenye baridi ya milimani, ningesema mengine.

Kilichotusumbua sisi hakikuandikwa vitabuni humo: sisimizi. Nyumba ya zamani, sakafu ina nyufa, sukari iko jikoni, sisimizi wako kila mahali, na buibui anayekula panzi huacha mabaki yanayonukia kwao. Kwa hiyo niliifanya rafu kama tunavyofanya kabati la chakula na vigingi vya mizinga ya nyuki: kila mguu niliusimamisha ndani ya kopo, nikatia oili chafu niliyoiomba gereji. Rafu mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Hakuna pazia linaloigusa. Mzee alifurahi sana, akasema Leicester yote hakuna mwenye rafu ya namna hii.

Aprili 2015, mvua kubwa zimeanza, nilifagia chumba jioni, nikaegemeza ufagio kwenye rafu, nikaenda nyumbani. Usiku huo siafu walihama. Sisi wa Busoga na Buganda tunawajua. Waganda huwaita ensanafu. Wakiingia kwenye banda usiku, kuku waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Asubuhi nilikuta mstari wao mweusi umetoka kwenye ufa wa mlango, umepita sakafuni, umepanda ufagio, na kutoka kwenye ufagio wameingia rafuni kama watu wanaovuka daraja. Makopo manne ya oili yalikuwa safi, hakuna siafu hata mmoja aliyezama. Sanduku la kwanza walilolikuta lilikuwa la regalis mmoja jike, mkubwa. Matundu ya hewa niliyoyatoboa mwenyewe kwa drili yaliwatosha kupita.

Sitaeleza nilichokikuta ndani. Mzee aliketi kwenye kiti chake akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ufagio sasa uko wapi?" Nikamwambia nje. "Basi upigilie msumari wake ukutani huko nje, uwe unatundikwa hapo." Nikaupigilia siku hiyohiyo. Matundu yote nikayaziba kwa wavu wa shaba uliosukwa kwa karibu, niliubandika kwa silikoni ndani kwa ndani, nikaacha sanduku wazi wiki moja mpaka harufu ya silikoni iishe ndipo buibui arudi.

Ya dawa za wadudu nitayasema kwa ufupi kwa sababu hayana mjadala. Dawa ya kupuliza inayoua mende inaua buibui, na haihitaji kumpata yeye mwenyewe; inatosha imguse mende atakayekuwa mlo wake. Tulipoteza wadogo wawili kwa mende niliowakamata nyuma ya duka moja. Tangu hapo mende nawazalisha mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, nawalisha maganda ya viazi na pumba, na nyenje vilevile.

Senene ni habari nyingine. Novemba ikifika, na mara nyingine Mei, Uganda nzima inawasubiri. Mabati yamesimamishwa, taa kali zinawaka usiku kucha, mapipa yanajaa. Kwangu ni furaha mara mbili, sahani yangu na ya buibui. Ila wale wa sokoni wengi wameshanyofolewa mabawa na miguu, na siwezi kujua wamepitia wapi. Huwa nawaomba watoto wa mtaani kwetu waniletee wazima waliotua kwenye majani, wachache tu. Mzee alinionyesha picha za mji wa Skuon, Kambodia, ambako buibui wa ukoo huuhuu wa shimoni hukaangwa na kuuzwa kando ya barabara kwenye masinia. Mke wangu alipoiona picha alishika mdomo. Mimi niliangalia yale masinia, chumvi, mafuta, mama aliyekaa nyuma yake na kanga kichwani, nikaona Novemba yetu.

Sasa nirudi kwa yule wa buluu.

Sanduku lake lilikuwa na udongo wa kina cha sentimita 25. Mzee alikuwa akitumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, lakini yalipokwisha Jinja hatukuyapata, nikaanza kutumia udongo wa kichuguu. Nasimulia hili kwa sababu naona fahari nalo. Udongo wa kichuguu umeshachambuliwa na mchwa, hauna kokoto, unashikana, na shimo likichimbwa ndani yake halibomoki. Unauponda, unauchanganya na mchanga kidogo na majani yaliyooza, kisha unaukaanga kwenye sufuria juu ya sigiri mpaka utoe mvuke wote, ili vijidudu vife. Ukipoa unautia maji mpaka ukiufinya mkononi unashikana bila kutoa tone. Kila wiki mbili unamimina maji kwenye kona moja tu, yaende chini, juu pabaki pakavu. Tarantula wa shimoni anaufuata unyevu mwenyewe. Akitaka atashuka, asipotaka atapanda.

Alichimba kando ya kioo, akashuka mpaka chini, akatandika hariri kuta zote. Septemba 2015 akala nyenje wawili, kisha akaziba mdomo wa shimo kwa udongo na utando. Oktoba kimya. Novemba kimya, na kwenye kioo alikuwa ametandaza hariri nzito hata tochi haikupenya. Desemba nikaanza kukosa usingizi. Mama alikuwa amekuja siku moja kuona ninachofanya kwa Mhindi, akasimama mbali na rafu.

"Wako wangapi?"

"Kumi na wanne, mama. Kumi na watatu sasa."

"Leo umewaona wote?"

"Nimewaona wawili."

Hakusema neno. Alinitazama tu kama alivyonitazama nilipokuwa na miaka tisa nikasahau kufunga banda.

Januari, mwezi wa nne sasa, Mzee alikuwa Kampala kwa daktari wa macho. Nilichukua kijiko cha chakula nikafungua sanduku. Nilijiambia kwamba ikiwa amekufa ni afadhali nijue, na ikiwa anaumwa labda naweza kumpa maji. Nilichota udongo polepole kutoka juu. Shimo lililochukua miezi kujengwa niliharibu kwa dakika tano. Nilipofika chini, kijiko kikagonga kitu laini.

Hakuwa amekufa. Alikuwa ametoka kujivua. Gamba lake la zamani lilikuwa pembeni, limekunjamana kama glovu iliyovuliwa, na yeye alikuwa katikati ya chumba alichokitandika kwa hariri nyeupe, buluu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, chonge zake bado nyeupe kama maziwa. Kwa hali hiyo buibui hawezi kuuma, hawezi kukimbia, gamba lake jipya ni laini kama ngozi ya mtoto. Ndiyo sababu anajifungia. Miezi yote minne alikuwa anajiandaa kwa saa chache hizo, na mimi nikaja na kijiko.

Alijaribu kusogea. Mguu wa tatu wa kushoto ulikuwa umebanwa kati ya kijiko na kioo. Ukakatika pale unapoungana na mwili, na tone likatoka, maji yenye ubuluu wa mbali sana. Damu ya buibui ina shaba badala ya chuma. Na miguu yake hainyooki kwa misuli peke yake kama yetu. Inasukumwa na maji hayohayo ya mwili. Akiyapoteza mengi, miguu inajikunja chini ya tumbo, na hapo mara nyingi ndiyo mwisho. Nilimpigia Mzee simu mkono ukitetemeka. Hakuniuliza kwa nini nilifungua. Alisema, "Unga wa ngano. Kidogo sana, kwa ncha ya brashi, pale panapotoka. Kisha funika na uondoke chumbani." Nikafanya. Nilikaa verandani mpaka giza.

Alipona. Niliomba radhi Mzee aliporudi, na ndipo akanifundisha jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa mguu ule: namna ya kumsoma buibui usiyemwona. Mdomo wa shimo ukizibwa kwa udongo uliokazwa, yupo na hataki wageni. Vidonge vidogo vya udongo nje ya shimo, vimefungwa kwa hariri, ni udongo alioutoa usiku huo. Bakuli la maji likijaa udongo, amelijaza yeye. Matone meupe kama chokaa kwenye kioo ni choo chake. Donge jeusi la mabawa na miguu ya nyenje lililosokotwa na kutupwa nje ni mabaki ya chakula. Aliyekufa shimoni hatoi udongo wala hazibi mlango, na siku si nyingi harufu inatoka. Hivyo ndivyo unavyohesabu, akasema.

Lile gamba lililovuliwa tulilitia kwenye maji yenye tone la sabuni mpaka likalainika. Mzee hakuwa na macho tena ya kazi hiyo, akanielekeza mimi: lifungue tumbo kwa sindano mbili, litandaze juu ya kioo, mulika tochi kwa chini, tafuta katikati, pale penye mapafu mawili ya mbele. Niliona vifuko viwili vidogo vimesimama upande kwa upande. Jike. Dume hana vifuko hivyo. Maana yake kubwa kwangu ilikuwa miaka. Dume akikomaa, vile vijimkono viwili vya mbele vinavimba nchani kama ngumi, anaacha kula, anazurura akitafuta jike, na kwa kawaida hamalizi muda mrefu. Nilishawahi kumlilia mmoja nikidhani ni makosa yangu. Jike huweza kupita miaka kumi na tano.

Mguu uliota. Gamba lililofuata, mwaka 2017, ulitoka mwembamba na mfupi, kama mguu wa buibui mwingine. Lililofuata tena ukakaribia wenziwe. Leo usipoambiwa hutajua ni upi, lakini mimi najua.

Watu huniuliza kama wanauma. Wanauma. Wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha ambazo huzirusha kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo wana njia nyingine ya kukufukuza. Wa Asia hawana nywele hizo. Wana mbio na wana chonge. Sijasikia kifo cha mtu kilichothibitishwa kwa tarantula, ila Mzee aliumwa kidoleni na regalis huko Leicester, na misuli ya mapaja ilikuwa ikimkaza wiki mbili baadaye, usiku, akiwa amelala. Yeye hakuwahi kumshika buibui mkononi mbele yangu wala kuniruhusu. Na si kwa ajili ya mkono tu. Tumbo la tarantula ni kama puto. Akianguka kutoka usawa wa kifua chako laweza kupasuka. Kazi yote tunaifanya kwa koleo refu, brashi laini na kikopo cha plastiki cha kumfunikia, mlango umefungwa, nguo imezibwa chini ya mlango. Sumu hiyo ina upande mwingine pia. Kwenye tarantula wa China na Vietnam, jamaa wa karibu wa huyu wa buluu, watafiti wamepata kijenzi kinachoziba njia ya neva inayopitisha maumivu, na kinachunguzwa kwa ajili ya dawa. Nilipomweleza mama, alisema Mungu haumbi bure. Yeye na buibui wana mambo yao ya zamani. Tangu tukiwa wadogo alitukataza kuua buibui ndani ya nyumba, kwa sababu ya ule utando uliofunga mdomo wa pango Mtume alipojificha.

Kuna jambo linaniuma na nitalisema wazi. Nikimwonyesha mtu picha ya huyu wa buluu, swali la pili huwa ni bei. Buluu hiyo imewaponza wengi. Yuko mwingine wa India, Poecilotheria metallica, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1899 kutoka mji wa Gooty, kwenye magogo ya reli, kisha kwa zaidi ya karne akawa hajaonekana. Alipopatikana tena mwaka 2001 ilikuwa kwenye msitu mmoja mdogo, unaokatwa kuni, mbali na Gooty. Leo yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na wakati huohuo wamejaa kwenye masanduku ya watu Ulaya na Marekani. Agosti 2019, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, mjini Geneva uliwaweka Poecilotheria wote kwenye Kiambatisho cha 2, kwamba biashara yao ya nje iwe kwa vibali. Mzee alinipigia simu kunipa habari hiyo kama mtu anayetangaza harusi.

Mwaka huohuo kijana mmoja alikuja karakana yangu na chupa. Ndani kulikuwa na buibui mkubwa wa kahawia wa kwetu hapahapa, amemchimbua shimoni, miguu miwili haipo. Alitaka shilingi elfu hamsini. Nilimketisha. Nilimwambia jike wa ukubwa huo huenda ana umri unaokaribia wake yeye tangu aanze shule, kwamba shimo aliloliharibu halitajengwa tena, na kwamba kukamata na kuuza mnyama wa porini bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2019. Nilimwambia pia kuhusu kijiko changu. Nilikodi boda boda tukarudi wote mpaka alikomchimbua, mwendo wa saa moja na nusu. Nilichimba shimo la kuanzia kwa kijiti chini ya kichaka kilekile, tukamwachia pale, tukakaa kimya tukimtazama mpaka akaingia. Kijana yule sasa ni mwanafunzi wangu wa useremala.

Mzee alirudi Leicester mwanzoni mwa 2019, watoto wake walimchukua kwa ajili ya afya. Baadhi ya buibui walikwenda kwa rafiki yake mwenye vibali. Wanne nilibaki nao, na rafu. Niliibeba mimi mwenyewe mpaka Walukuba, nikaipitisha mlangoni kwa kuinama, nikaisimamisha chumba cha nyuma, makopo manne, oili chafu. Mama alisimama kando akiwa ameshika kanga mdomoni. Kwa wiki nzima hakuingia.

Mzee alifariki mwaka 2021. Ijumaa moja kabla alinipigia, sauti imekwisha, akauliza, "Wa buluu?" Nikamwambia ameziba mlango tangu Jumatatu. "Vizuri," akasema.

Mwezi uliopita alikuwa amejifungia tena, wiki ya tisa. Nilikuwa karakana na kazi ya milango ya msikiti, nikachelewa kurudi. Nilipoingia uani kuku walikuwa wameshafungiwa na taa ya chumba cha nyuma inawaka. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, tochi ya simu mkononi, miwani imeshuka puani. Mdomo wa shimo ulikuwa wazi, na mbele yake kuna vidonge vinne vya udongo, bado vina unyevu.

"Huyu yupo," akasema bila kugeuka. "Amefagia. Sasa nionyeshe huyu mwingine unamhesabuje."